Asetilini kwenye gereji: dalili za hatari, chanzo chake na cha kufanya

Kwenye gereji nyingi, tochi ya gesi ikipasuka "pa!" fundi anaiwasha tena na kazi inaendelea. Harufu ikisikika, mlango unafunguliwa na mtu anasema itapita. Mtungi ukiwa na joto, lawama zinaenda kwa jua. Mara nyingi hakuna kinachotokea, na hapo ndipo mazoea yanapojengeka. Lakini asetilini haifanani na gesi ya kupikia, na dalili zake hazipaswi kusomwa kwa macho yaleyale.

Gesi ya kupikia iliyo ndani ya mtungi haiwezi kuwaka humo kwa sababu hakuna hewa. Asetilini haihitaji hewa ili ilipuke. Ikipata joto la kutosha, au ikibanwa kupita kiasi, inaweza kuvunjika yenyewe kuwa kaboni na haidrojeni, na kuvunjika huko kunatoa joto linalovunja gesi iliyo jirani yake. Ndiyo maana haijazwi kwenye mtungi mtupu kama oksijeni. Ndani ya mtungi wa asetilini kuna kitu kigumu chenye vitundu vidogo mno, kimelowekwa asetoni, na gesi imeyeyuka ndani ya hiyo asetoni kama maji yaliyonywewa na sifongo. Ukilijua hilo, karibu kila dalili iliyoelezwa hapa chini utaielewa.

Maelezo haya yanahusu mitungi inayotumika pamoja na oksijeni kukata na kuchomelea vyuma. Mwishoni nimegusa mapipa ya kabaidi, yaani mawe yanayotoa asetilini yakilowa maji, kwa sababu bado yapo.

Kuna harufu ya kitunguu saumu

Asetilini safi haina harufu ya kutambulika. Ile ya viwandani inanuka kwa sababu ya fosfini na uchafu mwingine unaotokana na kabaidi. Pua ikiipata, chukulia kwamba hewa ya mahali hapo inaweza kuwaka mpaka uhakikishe vinginevyo. Inaanza kuwaka ikifika asilimia 2.5 tu ya hewa, na bado inawaka hata ikizidi asilimia 80. Cheche inayohitajika ni ndogo kuliko unayoweza kuiona. Swichi ya taa inatosha kabisa.

Funga koki ya mtungi. Fungua milango na madirisha, toa watu, zima kila moto. Usiwashe wala usizime taa, feni, grainda au chaja iliyo mahali penye harufu. Kama umeme lazima ukatwe, ukatwe kwenye swichi kuu iliyo mbali.

Hewa ikishasafika, tafuta uvujaji kwa brashi na maji ya sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Povu likitokea kwenye shingo ya koki wakati koki iko wazi na kukoma ukiifunga, tatizo ni nati ya kubana shingo ya koki. Funga koki, kaza nati hiyo kidogo, pima tena. Povu likiendelea hata koki ikiwa imefungwa, koki yenyewe imeharibika. Usiipige nyundo. Toa mtungi nje ukiwa umesimama, uweke mahali peupe mbali na moto na mitaro, weka alama watu wasiusogelee, na umpigie aliyekuuzia gesi. Vivyo hivyo kama povu linatoka kwenye plagi ya usalama, ile ya madini laini inayoyeyuka kwenye joto la karibu digrii 100. Hakuna fundi wa gereji anayepaswa kuiziba.

Povu likiwa kwenye kiungo cha regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha inayotoka mtungini, kwanza fungua uangalie kama kuna uchafu au mkwaruzo kwenye kikalio, yaani pale sehemu mbili zinapokutana na kuziba. Nati za gesi inayowaka zina alama za kukatwa kwenye kona na hufungwa kinyume, upande wa kushoto. Mtu asiyejua hilo huilazimisha, na nyuzi zikishakatika hakuna kukaza kutakakosaidia. Usizungushe utepe wa bomba la maji wala usipake mafuta.

Mpira uliopasuka karibu na mwisho unaweza kukatwa na kufungwa upya kwa klipu yake. Mpira uliopasuka katikati hubadilishwa. Waya wa kufungia nondo si klipu, na kipande cha tyubu ya baiskeli si kiraka.

Kuna jambo moja hapa ambalo ningeomba kila mwenye gereji alibandike ukutani. Usiunganishe mipira ya asetilini kwa kipande cha bomba la shaba nyekundu. Mafundi friji wana vipande hivyo kila mahali, vinaingia vizuri kwenye mpira, na vinaonekana imara. Asetilini ikikaa ndani ya shaba nyekundu inatengeneza utando unaolipuka kwa kuguswa au kupata joto. Fedha na zebaki pia hufanya hivyo. Viungo halali vya asetilini ni vya chuma au vya shaba njano yenye shaba nyekundu chini ya kiwango kilichowekwa, ambacho kwa kawaida ni asilimia 65 hadi 70, ndiyo maana hununuliwa kwa muuzaji wa vifaa vya gesi na si kwenye rundo la vyuma chakavu. Kuchomelea bomba la shaba kwa moto wa asetilini hakuna shida hii, kwa sababu pale gesi inaungua nje ya bomba.

Harufu ikiwa ndani ya gari, mambo ni mabaya zaidi. Mtungi uliolazwa kwenye buti usiku kucha, koki ikivuja kidogo tu, unaijaza gari yote. Usibonyeze rimoti. Cheche za kufuli ya umeme au taa ya ndani zinatosha. Kaa mbali, zuia watu, waite zimamoto. Asetilini husafirishwa kwenye gari la wazi, mtungi umesimama na kufungwa, koki imefungwa, regyuleta imetolewa.

Tochi inapasuka "pa!" mara moja na moto unazimika au unarudi

Huku ni moto kuingia kwenye ncha kwa nukta moja na kutoka. Peke yake haujaleta madhara, lakini una sababu, na sababu hiyo ikiachwa ndiyo inayozaa matatizo ya sehemu mbili zinazofuata.

Sababu ya kawaida ni ncha kugusa kazi, au kusogezwa karibu mno ndani ya pembe ambako joto linarudi kwenye shaba ya ncha. Nyingine ni tundu lililoziba kwa matone ya chuma. Safisha kwa sindano yake maalumu, si kwa msumari unaolipanua tundu. Ncha iliyolegea inaruhusu gesi mbili kuchanganyika mahali pasipotakiwa. Na presha ikiwa ndogo kuliko ukubwa wa ncha unavyotaka, gesi inatoka polepole kuliko moto unavyokimbia, na moto unashinda. Wengi wakiona hivyo hupunguza gesi zaidi ili "kutuliza" moto. Fanya kinyume: weka presha iliyoandikwa kwa ncha hiyo, au badilisha ncha iwe ndogo.

Zima, acha ipoe, rekebisha, kisha washa. Ikipasuka tena baada ya hapo, kazi isimame mpaka chanzo kipatikane.

Moto umepotea kwenye ncha, kuna mluzi ndani ya tochi na moshi mweusi

Sasa moto unawaka ndani ya mkono wa tochi. Una sekunde chache. Funga oksijeni ya tochi kwanza, kisha asetilini. Oksijeni kwanza kwa sababu ndiyo inayoulisha moto huo. Kisha funga koki za mitungi yote miwili.

Usitumbukize tochi kwenye ndoo ya maji na kuiwasha tena baada ya dakika mbili. Fungua ncha na uitazame. Ukikuta masizi ndani ya mkono, tochi iende kwa mtu anayezijua. Angalia mipira upande wa tochi: masizi ndani ya mpira ni ushahidi kwamba moto ulisafiri, na hapo umeshaingia sehemu inayofuata.

Mpira umepasuka au umeungua kwa ndani

Moto umerudi nyuma kupita tochi. Kwa kawaida ulianza kwa gesi moja kuingia kwenye mpira wa nyenzake: oksijeni ya presha kubwa imesukumwa kwenye mpira wa asetilini kupitia tochi, kwa sababu mtungi wa asetilini ulikuwa umekaribia kwisha, au koki zote za tochi ziliachwa wazi tangu jana. Mtu akawasha bila kwanza kupuliza mipira.

Kupuliza ni kufungua gesi moja kwa sekunde kadhaa itoke hewani, mahali penye hewa na pasipo na moto, kisha kuifunga na kufanya vivyo hivyo kwa nyingine. Kunakula gesi kidogo, na saidia fundi wengi huambiwa waache ili gesi isiishe. Ni akiba ya hatari.

Baada ya moto kurudi nyuma, mipira yote miwili hutupwa. Ule unaoonekana mzima unaweza kuwa umeungua ndani. Vizuia-moto, vile vifaa vinavyofungwa kwenye regyuleta na kuzima moto unaorudi, navyo hubadilishwa au kupimwa kwa maelekezo ya mtengenezaji. Kama mtambo wako hauna vizuia-moto kabisa, nunua kabla ya kununua ncha nyingine. Valvu ya njia moja kwenye tochi ni nzuri, ila inazuia gesi kurudi, haizimi moto.

Kisha, kabla hujasema yameisha, soma sehemu inayofuata.

Mtungi wa asetilini una joto

Hii ndiyo dalili iliyonifanya niandike, kwa sababu ndiyo inayochukuliwa kirahisi kuliko zote.

Moto uliorudi nyuma ukifika kwenye mtungi, au moto wa nje ukiuchoma mtungi upande mmoja, gesi ya ndani inaweza kuanza kuvunjika. Kile kitu kigumu cha ndani kimetengenezwa ili kuzuia jambo hilo lisisambae, na mara nyingi kinafaulu. Kisipofaulu, uvunjikaji unaendelea polepole, kimya, bila moshi na bila harufu. Moto wa nje umezimwa, watu wanapongezana, na mtungi unaendelea kupata joto kwa saa nyingi. Gustaf Dalén, Mswidi aliyefanya kazi kubwa ya kutafuta namna salama ya kuhifadhi gesi hii kwa ajili ya taa za kuongozea meli, alipofushwa na mlipuko wa asetilini alipokuwa akiijaribu mwaka 1912. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kama mtu wa ujuzi huo iliweza kumpata, sioni kwa nini fundi yeyote aamini kwamba ataiwahi.

Baada ya moto kurudi nyuma gerejini, na kama hakuna moto unaowaka karibu, funga koki ya mtungi na upitishe kiganja juu ya mwili wake, ukianzia juu karibu na koki. Rudia baada ya dakika chache. Joto la jua linakuwa upande uliopigwa na jua na linapungua ukiwa kivulini. Joto la uvunjikaji mara nyingi linaanza sehemu moja na linaongezeka. Rangi ikianza kubabuka au kutoa malengelenge, usiguse tena.

Ukihisi joto lisiloelezeka kwa jua, ondoa watu mara moja. Usiubebe mtungi nje, maana kuutikisa kunaweza kuharakisha mambo. Usifungue koki ili "kuupunguzia", kwa sababu gesi inayotoka inavuta joto na kulisambaza. Umbali unaotajwa na vikosi vya zimamoto ni mita 200 kwa mtungi ulioungua, ukiwa nyuma ya ukuta imara kama upo. Piga simu: Tanzania ni 114, Kenya ni 999 au 112. Waambie neno "asetilini" waziwazi, kwa sababu litabadilisha watakavyokuja na watakapoegesha magari.

Kama kuna mtu anayeweza kumwagia mtungi maji kutoka mahali palipofichika, mbali, na mpira wa maji unafika, maji mengi yanasaidia. Kama hakuna, kaa mbali. Mtungi hupozwa kwa saa nyingi, na anayesema umekwisha kuwa salama ni zimamoto, si mwenye gereji.

Ukikuta gesi inawaka kwenye koki ya mtungi na unaweza kuifikia kwa glavu zilizolowa bila kuungua, ifunge. Ndiyo maana ufunguo wa koki hukaa palepale kwenye mtungi muda wote wa kazi, wala si mfukoni mwa fundi aliyeenda kunywa chai, na koki yenyewe haifunguliwi zaidi ya mzunguko mmoja na nusu. Usipoweza kuifikia, usiupulize moto ukazimika. Gesi itaendelea kutoka bila kuwaka, itajaa chumbani, na ikipata cheche utalia zaidi.

Mtungi unatema majimaji, au mpira unanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha

Hiyo ni asetoni inatoka pamoja na gesi. Moto unababaika na kurusha cheche, na vikalio vya mpira ndani ya regyuleta vinavimba. Kibaya zaidi, kila tone linalotoka linaacha nafasi ndani ya mtungi ambako gesi haina kimiminika cha kuyeyukia.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, mtungi umetumika ukiwa umelala, au umesimamishwa punde baada ya kubiringishwa au kulazwa. Simamisha mtungi na uuache utulie kwa saa kadhaa. Kama ulilala muda mrefu, uache hadi kesho yake. Ya pili, unavuta gesi kwa kasi kuliko inavyoweza kutoka kwenye asetoni. Kipimo kinachopendekezwa sasa ni kutovuta kwa saa moja zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ujazo wa mtungi, na kwa kazi ya mfululizo iwe sehemu moja ya kumi na tano au pungufu. Ncha kubwa ya kupashia joto chuma kinene kwenye mtungi mdogo inavuka kipimo hicho bila wewe kujua. Unganisha mitungi kadhaa kwa kiunganishi chake rasmi, au tumia ncha ndogo.

Geji inapanda yenyewe

Umeweka presha, umefunga tochi, na mshale unaendelea kupanda polepole. Kikalio cha regyuleta kimekula uchafu au kimechakaa. Funga mtungi, toa regyuleta, ipeleke kutengenezwa. Usiendelee hata kwa kazi ya dakika tano: asetilini iliyo nje ya mtungi haipaswi kuzidi psi 15, yaani karibu bar 1, kwani juu ya hapo inaweza kuvunjika ndani ya mpira. Geji nyingi zina mstari mwekundu hapo.

Na anayekuambia presha ikipandishwa moto unakata haraka, mwonyeshe oksijeni. Kasi ya kukata inatoka huko.

Moto ni wa njano wenye masizi, au umejitenga na ncha

Njano yenye masizi ni asetilini bila oksijeni ya kutosha, jambo la kawaida wakati wa kuwasha: ongeza asetilini mpaka masizi yaishe, kisha fungua oksijeni polepole hadi kitovu cheupe kiwe na ncha safi. Moto uliojitenga na ncha unaonyesha gesi inatoka kwa kasi mno, punguza kidogo.

Pipa la kabaidi linachemka, linapata joto, au kizuizi cha maji kinatoa mapovu bila tochi kuwashwa

Kilo moja ya kabaidi ikilowa inatoa takriban lita 300 za asetilini, pamoja na joto kali na chokaa. Mapipa ya kutengeneza mwenyewe ambayo maji hudondoka juu ya rundo la kabaidi ndiyo yenye joto la hatari, kwa sababu maji kidogo hayawezi kulipoza rundo kubwa, na gesi inazaliwa ndani ya joto hilohilo linaloweza kuivunja. Pipa likichemka usiongeze kabaidi wala usilifungue. Funga njia ya maji, zima kila moto ulio jirani, ondoka, liache lipoe.

Mapovu yasiyokoma kwenye kizuizi cha maji, kile chombo cha maji ambacho gesi hupitia ili moto usirudi pipani, baada ya kufunga tochi yana maana kwamba kabaidi iliyobaki bado inakula maji na presha haina pa kwenda isipokuwa hapo. Hilo ni afadhali kuliko pipa lililofungwa kabisa. Aliyeziba njia hiyo ili gesi isipotee ameondoa kinga pekee aliyokuwa nayo. Kiwango cha maji kwenye kizuizi kikaguliwe kila asubuhi kabla ya kuwasha, na gesi ya kwanza itolewe hewani mpaka hewa iliyokuwa ndani ya pipa iishe.

Ndoo ya kabaidi isifunguliwe kwa patasi na nyundo. Ikiwaka moto, mwagia mchanga mkavu au tumia kizima-moto cha unga, kamwe si maji. Na lile tope la chokaa linalobaki lisimwagwe kwenye mtaro wa mtaa wala kwenye choo: huwa na punje ambazo hazijaisha, na mtu atakayetupa kipande cha sigara humo hatajua nani alimwekea gesi. Limwagie maji mengi kwenye chombo wazi, nje, mbali na moto, na uliache hadi lisitoe povu hata moja ukilikoroga kwa kijiti.